Chungu cha Marashi na Betri ya Ramji

Ukimtaja Mmanga Ame mbele ya watu wa Konde, kwanza watacheka. Watakuhadithia habari za mtu aliyewapandisha wazee na vijana juu ya baiskeli isiyokwenda popote, akawachosha kutwa, na bado wakamshukuru. Wakishacheka watanyamaza, na mmoja wao, aghalabu mwanamke, atasema kwamba tangu mwaka ule hakuna mzazi wa Konde aliyepelekwa Wete kwa kitanda.

Kitanda hicho lazima kielezwe kwanza.

Mmanga alizaliwa Konde, mtoto wa mchuma karafuu, na kabla ya vita alikuwa utingo wa lori la Ramji Devji, lori pekee lililokuwa likibeba watu na karafuu kutoka Konde kwenda Wete. Vita vilipokuja akaandikishwa, na huko bara wakamtia katika karakana ya jeshi, katika chumba cha betri. Alirudi mara moja tu kwa likizo, akaondoka akimwacha mkewe, Moza, na mimba. Uchungu ulipomshika Moza ulikuwa mbaya, na mkunga akasema hapa si pangu tena, mpelekeni hospitali. Lori la Ramji lilikuwa bandani, betri imekufa kabisa, hata ukiizungusha injini kwa hendeli haipati cheche. Wanaume wakakichukua kitanda cha kamba cha mama yake Moza, wakamlaza mgonjwa, wakakipandisha mabegani wakaishika njia ya Wete, na mvua ya masika ikiwapiga usoni. Mtoto alizaliwa njiani, amekwisha kufa. Wakamzika papo hapo kando ya barabara, kwenye kona yenye michikichi, kisha wakaendelea na mama yake.

Hakuna aliyemwandikia Mmanga. Habari ile aliikuta nyumbani siku aliyorudi na koti lake la kaki lililotobolewa na asidi kila mahali.

Mwaka uliofuata, na huo ni mwaka 1947, Moza alikuwa mjamzito tena, na lori lilikuwa bado bandani. Siku zile kila kitu kilikuwa cha kungoja. Sukari ilingojwa, sindano ilingojwa, kitambaa kilingojwa, na betri ya Ramji ilingojwa kutoka ng'ambo kama vile hapa duniani hapana mikono ila ya huko. Kila meli Ramji aliambiwa ijayo. Kuku walitaga chini ya kiti cha dereva, wakaangua, na vifaranga wao wakakua wakataga hapo hapo. Mmanga naye alilima muhogo akingoja, mpaka asubuhi moja alipopita dukani kununua mafuta ya taa.

"Sabalkheri, Bwana Ramji."

"Sabalkheri, Mmanga. Usinambie umekuja kuniuliza betri, nitakupiga na mizani hii."

"Basi nitakuuliza gari."

"Gari nimeliuza."

Ramji Devji alizaliwa katika chumba cha nyuma cha duka lile lile, na kwa maneno ya Konde hakuna aliyemshinda. Lakini asubuhi ile aliongea huku akitazama chini, akilipanga upya fungu la sabuni lililokuwa limepangika.

"Umemuuzia nani?"

"Mtu wa Unguja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi anakuja na ng'ombe, wanalivuta mpaka Wete, tishali inalichukua. Anataka chuma na mipira."

"Atalikatakata? Gari zima lile?"

"Zima liko wapi, yakhe?"

"Injini nzima, gurudumu zima, breki nzima. Mgonjwa ni betri peke yake."

"Na mtu akisimama moyo, si mikono yake mizima? Na bado nyie mnamzika, na sie tunamchoma."

"Nipe mie betri hiyo."

"Ukaifanye nini?"

"Nikaifufue."

Ramji akacheka kicheko cha mtu asiyetaka kucheka. Hapo sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya Savitaben, mkewe. Siku ya kitanda ndiye aliyetoa shuka mpya dukani akamfunika Moza kwa mvua.

"Mpe. Akishindwa, si utaliuza vile vile?"

"Wewe nyamaza," alisema Ramji, kisha akanyamaza mwenyewe. "Haya. Mtu wa Unguja akija akalikuta gari linawaka, namrudishia chake, na usukani ni wako. Akilikuta kama lilivyo, nisikusikie tena."

Mmanga aliibeba betri kichwani mpaka nyumbani, na Moza alipouona mzigo ule mlangoni akauliza kimetokea nini. Alipoelezwa akachukua ufagio. Aliweka mkono tumboni, akaenda kumfagilia mahali pa kufanyia kazi chini ya upenu.

Ilikuwa betri ya kizamani, sanduku jeusi lenye vyumba vitatu, juu yake pamezibwa kwa lami. Ndani ya kila chumba husimama mabamba ya risasi, mengi na membamba, yamezama katika maji yaliyotiwa asidi. Betri inapotoa nguvu, asidi huingia mabambani na kuyavika utando mweupe. Inapotiwa nguvu, utando huyeyuka na asidi hurudi majini. Ni kama kupumua. Lakini iache betri na njaa, bila ya kutiwa nguvu, mwezi baada ya mwezi, na utando ule hugeuka mawe. Hugandia kama chumvi inavyogandia ukingoni mwa sufuria, na bamba lililogandiwa halipumui tena. Mmanga alijua hivyo. Alichungulia kwa kila tundu akaona weupe aliotazamia kuuona. Lakini pembeni mwa matundu na juu ya sanduku palikuwa na weupe mwingine, wa magamba magumu, na huo hakuutazamia.

Akaenda kumuuliza Mzee Safari.

Mzee Safari ndiye aliyekuwa dereva wa lori lile tangu lilipokuja, na ndiye aliyemfundisha Mmanga kupiga hendeli bila ya kuvunjika mkono. Alikuwa barazani mbele ya msikiti na wenziwe, wanangoja adhana ya alasiri.

"Mzee, betri ukiitilia maji gani?"

Mzee Safari alijivuta vizuri. "Si ya mferejini, wala si ya shimoni. Kila Ijumaa nikifika Micheweni najaza dumu kwenye kisima cha msikiti. Maji yale ni baridi, ni meupe, wagonjwa wanapelekewa. Betri ya Ramji ikinywa maji kuliko mie mwenyewe."

Mmanga alipaswa kumeza mate kwanza. Alikuwa kijana na alikuwa na haraka.

"Basi maji hayo ndiyo yaliyoiua."

Mzee Safari akamgeukia.

"Umesemaje?"

"Micheweni ni maweni, Mzee. Maji yake yana chumvi na chokaa ya mawe. Yakiingia betrini hayatoki, yanakula mabamba."

"Mwaona nyie!" Mzee Safari aliinuka. "Kenda vitani, kala mkate wa askari, karudi anayatukana maji ya msikiti!"

"Sikuyatukana. Ni maji twahara, ya kunywa na ya kutawadha. Lakini betri haitawadhi, Mzee."

Mtu mmoja alicheka, na kicheko kile kiliharibu zaidi kuliko neno lenyewe. Mzee Safari alivua viatu vyake akaingia msikitini bila ya kumwitikia salamu ya kuagana. Kufikia magharibi Konde nzima ilikuwa ikisema kwamba Mmanga Ame anasema maji ya msikiti ni sumu.

Sasa ilimbidi apate maji yasiyo na kitu ndani yake, maji ya mvuke. Katika karakana ya jeshi yalikuwa yakija kwa magaloni ya kioo. Konde palikuwa na chombo kimoja tu cha kuyatoa, nacho kilikuwa chungu cha shaba cha kupikia marashi ya mawaridi, na mwenye chungu alikuwa Bi Kazija, mama yake Moza.

Mtu wa kwetu anajua uzito wake. Mkwe haendewi kama anavyoendewa jirani. Mmanga alikuwa hajapata kumtazama Bi Kazija usoni tangu siku ya harusi. Walisalimiana yeye yupo uani na mama yupo ndani, mlango umerudishwa, na maneno yakipita kwa Moza. Siku ile naye alisimama kando ya kizingiti akasema neno lake kwa mkewe, na Moza akaingia nalo ndani ilhali lilikuwa limekwisha kusikika.

"Mama, Mmanga anaomba chungu cha marashi."

"Nimesikia. Muulize anakitakia nini, anataka kujitia manukato?"

"Anataka kukitolea maji ya betri," alisema Moza.

Halikuwa ombi dogo. Chungu kile Bi Kazija aliolewa nacho. Marashi yake ndiyo yaliyonyunyizwa kwenye maulidi na harusi za Konde, na ndiyo waliyorashiwa maiti wa Konde kabla ya kufungwa sanda.

"Mwambie," ilisema sauti ya ndani, "wanaomtukana kwa ajili ya maji hawajui kupika. Mie maji ya maweni siyatii chunguni mwangu. Yanakiotesha magamba meupe kama kichwa cha mtoto mwenye mba. Napikia ya mvua."

Mmanga alisahau adabu akasema moja kwa moja, "Ndiyo hayo hayo magamba, Mama!"

"Mwambie asinipigie kelele. Na mwambie chungu changu hakishikwi na mtu, wala hakitoki nyumba hii. Maji nitayapika mwenyewe. Chupa alete yeye."

Bi Kazija akayapika kama apikavyo marashi, ila bila ya waridi. Mvuke ulipanda chunguni, ukapita katika mrija uliozama kwenye beseni la maji baridi, na upande wa pili ukatona chupani, tone baada ya tone. Maji ya kwanza aliyamwaga kwa sababu yalikuwa na harufu ya mawaridi ya zamani. Alipika tena mpaka yakatoka hayana harufu wala ladha.

Mmanga, kwa upande wake, alilainisha lami kwa pasi ya mkaa, akaikongoa, akayavuta mabamba nje chumba kwa chumba. Chini ya kila chumba palikuwa na tope jeusi la risasi iliyomomonyoka, na katika chumba cha kati lilikuwa limepanda mpaka likayagusa mabamba na kuunganisha yasiyotakiwa kukutana. Akalisukutua lote. Kati ya bamba na bamba kulikuwa na vibao vyembamba vya kuyatenga. Kimoja kimeoza, akachonga kingine kwa mti mwepesi na kukichemsha mpaka kikatakata. Mabamba akayaosha kwa maji ya Bi Kazija, akayarudisha, akaziba lami, akajaza maji hayo hayo matupu, na asidi kidogo mno aliyopewa na sonara wa Konde, ambaye huitumia kusafishia dhahabu. Aliitia asidi ndani ya maji, hakutia maji ndani ya asidi, maana alipata kumwona mwenzake akirukiwa usoni.

"Asidi hiyo si chache?" aliuliza Moza, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akimtazama kila alichofanya.

"Nyingine imo ndani ya mabamba. Imegeuka mawe. Tukiyayeyusha mawe itarudi majini."

"Na utajuaje kama imerudi?"

Mmanga akamwomba kichupa kitupu cha mafuta ya uudi, kile kidogo kama kidole. Akatia ndani chembe za risasi, akakiziba kwa nta, akakichovya katika bilauri ya maji ya betri. Kikazama mpaka shingoni. "Maji yakiwa mazito kwa asidi, kitaelea juu zaidi. Kikifika hapa," akafunga uzi mwekundu kiunoni mwa kichupa, "betri imepona."

Palibaki jambo la nguvu yenyewe. Aliitoa dainamo ya lori, akaipigilia kwenye gogo. Baiskeli yake akaipandisha juu ya vigingi gurudumu la nyuma lielee, akalivua mpira, akalipitishia ukanda wa ngozi mpaka kwenye dainamo. Ukipiga pedali, dainamo inazunguka, na nguvu inaingia betrini. Akaiweka mashine ile mbele ya banda la Ramji, mahali pa kupita watu, kwa kuwa peke yake asingeweza.

Vijana wachuma karafuu ndio waliokuja, kwa mchezo. Hawakujali maji ya msikiti wala ya mtaroni. Waliona baiskeli isiyokwenda, wakagombania.

"Wapi huko, Hamadi?"

"Nishapita Wete, naingia Chake!"

"Chake huko? Mbona bado nakuona uso?"

Wakaipiga pedali kwa mashindano, jasho likiwatiririka, na dainamo ikilia kama nyuki. Siku ya kwanza betri ikaanza kutoa mapovu, Mmanga akafurahi. Siku ya pili ikachemka, ikanuka yai viza, na sanduku likawa moto huwezi kuliwekea mkono. Kila jioni alikichovya kichupa, na kila jioni kikazama mpaka shingoni. Siku zikaenda, na kichupa hakikupanda hata upana wa uzi.

Sasa watu walikuja kutazama ili wacheke. Barazani kule, Mzee Safari hakucheka. Alikaa akiwatazama tu, mikono juu ya mkongojo.

"Imekufa, Mmanga," alisema Ramji taratibu. "Jumamosi ni mtondo, siku tatu tu zimebaki. Wacha kuwaua watoto wa watu."

Mmanga alikaa chini kando ya sanduku lile la moto na kichwa katikati ya mikono. Alikuwa anakiona kitanda. Hakuwahi kukibeba, lakini alikiona kila saa, na kamba zake, na shuka mpya ya Savitaben iliyolowa.

Ndipo umati ukapasuka, na kila mwanamume akajiweka kando kwa haraka, kwa sababu Bi Kazija alikuwa anakuja mwenyewe. Buibui limemshuka mpaka chini, chupa ya maji mkononi. Alipita katikati ya watu wote wale, akasimama mbele ya mkwewe. Jambo hilo Konde walikuwa hawajapata kuliona.

"Inuka," alisema.

Mmanga akainuka, macho chini.

"Nimekaa dirishani kwa Ramji tangu asubuhi nawatazama. Nani amekufundisha kupika hivi?"

"Kupika, Mama?"

"Mawaridi ukiyatia moto mkali yanaungua, na mvuke unatoka na uchungu, na chupa haipati kitu. Mie moto wangu ni vifuu viwili vitatu tu. Nakaa nao kutwa. Nyie mnakimbia! Kitu kimeganda mwaka mzima, mnataka kiyeyuke kwa siku moja kwa kukipigia makelele?"

Mmanga alimtazama usoni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimtazama mama mkwe wake usoni, na hakuona haya, kwa kuwa alikuwa ameona alichokosea. Katika karakana ya jeshi mkondo wa umeme ulikuwa ukipimwa na mashine yenyewe, na yeye hakupata kuigusa. Alidhani nguvu zaidi ni uhai zaidi. Kumbe bamba lililogandiwa hulishwa kidogo kidogo. Ukililisha kwa pupa, nguvu huishia kuchemsha maji tu.

"Wallahi umesema kweli," alisema. Akakimbilia lorini, akachomoa globu ya taa ya mbele, akaiunga katikati ya waya baina ya dainamo na betri. Nguvu isiyo na pa kwenda ingeishia kwenye globu, na betri ingepata tone kwa tone. "Sasa tunapiga taratibu. Globu iwe nyekundu kama kaa linalozimika. Isiwe nyeupe, na isizime."

Haikuwa rahisi. Vijana walijua kukimbia, hawakujua kwenda. Globu ikawaka ikazima, ikawaka ikazima, na Hamadi akashuka amenuna, akasema kazi hii ni ya kizee.

"Ya kizee ndiyo," ilisema sauti. "Kaeni kando wote. Mnaendesha kama mnaofukuzwa na manyigu."

Mzee Safari alikuwa amesimama pale, mkongojo ameuegemeza ukutani, anakunja kikoi chake. Vijana wawili wakamshika mikono kumpandisha, akawakemea wamwache. Akaweka miguu kwenye pedali. Akaanza.

Miaka yote ile alikuwa amepanda na kushuka vilima vya barabara ya Wete na lori lililojaa magunia, na hakupata kulikimbiza wala kulizimisha. Mguu wake ulijua mwendo. Globu ikapata wekundu wa kaa, ikakaa nao, haikuongeza wala haikupunguza.

"Mzee, ahsante," alisema Mmanga kwa sauti ya chini.

"Usinishukuru. Sikukupandia wewe." Pedali zikaendelea. "Mie nilikuwa mguu wa mbele wa kitanda kile, upande wa kulia. Dereva mzima, nabeba mtu begani, na gari liko bandani." Akaitazama globu. "Kweli ni maji yale?"

"Ni maji, na kukaa na njaa mwaka mzima. Vyote viwili."

"Basi nimeiua kwa mapenzi."

"Kwa mapenzi, Mzee."

"Hebu tuifufue kwa hayo hayo. Nani anafuata? Wewe Hamadi, kaa hapa unitazame mguu, ujifunze kuendesha."

Kuanzia hapo kazi ikawa ya mji. Walijifunza mwendo wa Mzee Safari mmoja baada ya mmoja, wachuma karafuu, wauza samaki, hata mwadhini, aliyekuwa na mguu mzuri kuliko wote. Savitaben alileta chai. Ramji alisema yeye ana duka la kuangalia, kisha akaonekana juu ya baiskeli, kilemba kimemteremka sikioni, na watu wakamwimbia. Aliyetaka kuvuta sigara alifukuzwa mbali, kwa kuwa pumzi ya betri hushika moto. Bi Kazija aliendelea kupika, na maji yalipopungua vyumbani mwa betri yaliongezwa ya kwake.

Jioni ile Mmanga alivuta maji kwa mpira, akayatia bilaurini, akakichovya kichupa. Watu wakainama kutazama. Kichupa kikazama, kikarudi juu, kikatulia. Shingo na mabega yake yalikuwa nje ya maji.

"Kimepanda!" alipiga kelele Moza, ambaye siku zote hunena polepole. "Kimepanda, nyie!"

Vigelegele vikatoka nyumba hata nyumba, vya wanawake ambao wengi wao hawakujua bilauri ile ina nini. Walijua kitanda, na hilo liliwatosha. Kesho yake kichupa kilipanda tena, na kesho yake tena. Weupe uliyeyuka mabambani, na ukichungulia kwa tundu uliona rangi ya udongo mwekundu upande mmoja, na ya risasi upande wa pili, kama ilivyotoka kiwandani. Alfajiri ya Jumamosi uzi mwekundu ulikuwa juu ya maji.

Mtu wa Unguja alifika na ng'ombe wake na minyororo. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyezoea kununua vitu vilivyokufa. Alikuta watu wamejaa mbele ya banda, akadhani ni mnada.

"Huyo kijana amekaa humo anafanya nini? Nimenunua gari, sikununua dereva."

"Ngoja kidogo, bwana," alisema Ramji.

Mmanga alikuwa kwenye kiti. Kuku wamehamishwa. Dainamo imerudi mahali pake, mafuta yametiwa, betri imefungwa. Hamadi alikuwa mbele na hendeli mkononi. Mmanga akamtikisia kichwa kwamba asiitie. Hendeli ni ya betri mgonjwa.

Akakanyaga stata.

Injini ikaguna. Ikajizungusha kwa uzito, mara moja, mara nyingine, kila mara polepole zaidi, ikasimama. Sauti iliyobaki ni ya ng'ombe wakicheua.

Mtu wa Unguja akawaashiria watu wake na minyororo.

"Hebu!" Mzee Safari aliuinua mkongojo. "Injini imelala mwaka, mafuta yameganda kwenye viungo. Iachie betri ipumue, Mmanga. Usiikimbize."

Mmanga akaondoa mguu. Akangoja. Aliwaona wote kupitia kioo chenye vumbi: Ramji ameshika kilemba kwa mikono miwili, Bi Kazija na Savitaben wamesimama bega kwa bega, na Moza mbele yao, mkono tumboni. Akangoja zaidi ya alivyotaka. Kisha akakanyaga tena.

Mara hii injini haikuguna, iliruka. Ikakohoa moshi mweusi, ikakohoa tena, ikashika. Banda zima likatetemeka, makuti yakadondoka, ng'ombe wa mtu wa Unguja wakakata kamba wakatoka mbio kuelekea sokoni. Mmanga alibonyeza honi, na honi ile iliyokaa bubu tangu mwaka jana ikalia Konde nzima, naye hakuiachia, na hakuna aliyesikia alichokuwa akikisema humo ndani huku machozi yakimtoka.

"Na mie nirudije?" alilia mtu wa Unguja aliporejeshewa chake.

"Panda," alisema Ramji, na sasa alikuwa akicheka kicheko chake mwenyewe. "Tunakupeleka Wete bure. Ng'ombe watakuja kwa miguu."

Moza aliposhikwa na uchungu ilikuwa mchana, watu wanatoka sala ya adhuhuri. Hakuna aliyekwenda kutafuta mabega. Mzee Safari alikimbia mwenyewe, kwa kadiri ya mkongojo, kumwita Mmanga. Moza akapandishwa mbele, mama yake pembeni, na lori likaishika njia ya Wete taratibu, likikwepa kila shimo. Walipofika kwenye kona yenye michikichi Mmanga akapunguza mwendo. Moza alitazama nje, pale palipo na kilima kidogo cha udongo na jiwe. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe ulioshika gia, na gari likaongeza mwendo.

Mtoto alizaliwa hospitalini Wete kabla ya alasiri, msichana, analia kwa hasira. Siku waliyorudi Konde, Bi Kazija alitoka na mrashi wake uliojaa, akamrashia mtoto, akamrashia Moza, kisha mbele ya watu wote akalizunguka lori akalirashia boneti. Mzee Safari alisimama karibu na betri na dumu mkononi, la maji ya chungu cha Bi Kazija, na tangu siku hiyo hakuruhusu maji mengine yaikaribie.

Kitanda kile cha kamba kilibaki ukumbini kwa Bi Kazija. Asubuhi hutandaza juu yake mawaridi aliyoyachuma kabla umande haujakauka, akayachambua, ndipo akayatia chunguni.